Mchele unajaa maghalani Kusini, Kaskazini watu wanalala njaa: kizuizi hasa kiko wapi?

Zaituni

Habari zenu wanajukwaa. Naomba wanaoifahamu vizuri rasi ya Korea wanifafanulie jambo moja.

Korea Kusini inaagiza tani 408,700 za mchele kila mwaka kwa sababu ya masharti iliyoyakubali kwenye Shirika la Biashara Duniani, huku watu wake wakizidi kupunguza wali. Mwaka 1970 mtu mmoja alikula wastani wa kilo 136 kwa mwaka. Leo hafikishi 60. Serikali inalipia maghala ya kutunza mchele usio na mlaji. Vuka ule ukanda wa mpakani wenye upana wa kilomita 4, unakuta watoto waliodumaa kwa kukosa lishe. Na hawa ni watu wa lugha moja na ukoo mmoja.

Nauliza: uhasama wa serikali hizi mbili unafikaje hadi kwenye sufuria ya mtu wa kawaida? Ni meli za msaada tu zinazokwama, au kuna njia nyingine ambazo sisi wa mbali hatuzioni? Na mchele wa Kusini ukiruhusiwa kuvuka kesho, njaa itakwisha? Naomba takwimu na maelezo ya namna mambo yanavyokwenda, si propaganda za upande wowote.

Bwana Shamba

Dada Zaituni, tuanzie shambani, maana meli ni sehemu ndogo ya habari hii.

Karibu asilimia 80 ya Korea Kaskazini ni milima. Ardhi ya kulima ni kama hekta milioni 2, na mpunga mwingi hutoka magharibi: Hwanghae Kusini, Hwanghae Kaskazini na Pyongan Kusini. Mashariki na kaskazini, kule Hamgyong na Ryanggang, ni viwanda, migodi na baridi kali. Nchi ilipogawanywa mwaka 1945 kwenye latitudo ya 38, mitambo ya umeme na viwanda vikubwa vilivyojengwa na Wajapani vilibaki Kaskazini, mashamba mazuri ya mpunga yakabaki Kusini. Tarehe 14 Mei 1948 Kaskazini wakawakatia Kusini umeme. Tangu siku hizo kila upande ulijifunza kuishi bila mwenzake, na Kaskazini wakajaribu kujilisha kwa kile walichokuwa nacho: umeme wa kupandisha maji, mbolea ya chumvichumvi na dizeli.

Mavuno yalikuja, lakini kila gunia lilikuwa na mafuta ndani yake. Umoja wa Kisovieti ulipoacha kuuza kwa bei ya kirafiki mwaka 1990 na 1991, na China ikaanza kudai fedha taslimu mwaka 1993, mbolea ilikauka, matrekta yakasimama, pampu zikakosa umeme. Serikali ilikuwa imekwisha kuanza kampeni ya kula milo 2 kwa siku mwaka 1991. Mafuriko ya 1995 na 1996 na ukame wa 1997 viliukuta mwili ambao tayari ni dhaifu.

Sasa hesabu yenyewe. Mbolea ya urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kilo 1 ya naitrojeni ikiwekwa kwa wakati kwenye mpunga wenye maji ya kutosha huongeza takriban kilo 15 hadi 20 za mpunga. Kwa hiyo tani 1 ya urea ni kilo 460 za naitrojeni, sawa na karibu tani 7 za mpunga ukichukua makadirio ya chini. Ukikoboa unabaki na tani 4 na nusu za mchele. Ndiyo maana nasema meli ya mbolea mwezi Machi ina thamani kuliko meli ya mchele mwezi Julai, mradi maji na mbegu vipo.

Neno zito hapo ni "kwa wakati". Miche huoteshwa kwenye vitalu vilivyofunikwa nailoni kuanzia mwisho wa Machi na Aprili, kisha hupandikizwa katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Juni. Wanafunzi, wafanyakazi wa ofisini na askari wote hupelekwa mashambani. Mbolea inahitajika wakati wa kupandikiza, tena wiki 2 au 3 baadaye mmea unapotoa machipukizi, na mara ya mwisho Julai suke linapoanza kujitunga ndani ya shina. Urea ikifika Agosti inaotesha majani: mpunga unarefuka, unalala, unashikwa na magonjwa ya ukungu, na punje haziongezeki. Nailoni ikikosekana Aprili, miche inachelewa. Ikichelewa, baridi ya vuli inaikuta punje haijajaa. Mahindi nayo, kwa sababu msimu ni mfupi, huoteshwa kwanza kwenye vibonge vya udongo na samadi ndipo yapandikizwe mche mmoja mmoja, kazi ya mikono mingi ajabu.

Na umeme: maji ya mpunga hupandishwa na pampu, mara nyingi kwa hatua kadhaa kutoka mtoni hadi mfereji wa juu. Umeme ukipungua nguvu, mota zinaungua, na mota moja ikiungua mwanzoni mwa mfumo, mashamba yote ya juu yanakauka.

Jambo la mwisho ni milima yenyewe. Watu wenye njaa walifyeka miteremko wapande mahindi na wapate kuni. Udongo ukaporomoka mitoni, vina vya mito vikapungua, na sasa mvua ambayo zamani ingepita salama inazamisha mashamba ya bondeni.

Karani wa Ghala

Bwana Shamba ameeleza kwa nini chakula ni kidogo. Naongeza kwa nini hicho kidogo hakiwafikii wote, maana njaa ya Korea Kaskazini haijawahi kuwapiga watu wote sawasawa.

Zamani mkazi wa mjini alipewa nafaka mara 2 kwa mwezi kwa kadi ya mgawo, karibu bure. Aliyefanya kazi nzito alipangiwa gramu 900 kwa siku, mfanyakazi wa kawaida 700, mzee aliyestaafu 300, watoto kulingana na umri. Lakini 700 ilikuwa ya kwenye karatasi. Mwaka 1973 walikata mgawo wa siku 4 kila mwezi uwe akiba ya vita, zikabaki kama gramu 607. Mwaka 1987 wakakata asilimia 10 nyingine, zikabaki 546. Dada Zaituni, jibu la swali lako la kwanza liko hapo: uhasama ulikwisha kuingia kwenye mizani ya mgawo zaidi ya miaka 20 kabla ya njaa kubwa ya miaka ya 1990, bila meli yoyote kuzuiwa.

Wakulima wa mashamba ya ushirika hawako kwenye kadi hiyo. Wao hupewa fungu la mwaka mzima baada ya mavuno. Njaa ilipoanza, fungu hilo lilikatwa kutoka kilo 167 kwa mtu hadi 107, yaani chini ya gramu 300 kwa siku kwa mtu anayelima kwa mkono. Wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye watoto angefanya: wakavuna mahindi mabichi usiku, wakaficha nafaka, wakahamishia nguvu zao kwenye bustani za nyumbani na vishamba vya mlimani. Ghala la serikali likapata pungufu zaidi, na miji ya viwanda ya mashariki kama Chongjin na Hamhung, isiyo na mpunga wala fedha za kununulia, ikaachwa. Makadirio ya vifo yanapishana sana. Wanademografia wengi wako kati ya 600,000 na milioni 1, wengine wanapita milioni 2.

Kilichowaokoa waliobaki ni soko, jangmadang kama wanavyoliita. Wanawake walioolewa, ambao hawakubanwa na kazi za serikali kama wanaume, ndio waliolijenga. Tazama injogogi: mashudu ya soya yaliyobaki baada ya kukamuliwa mafuta husagwa, hukandwa kwa maji, hupitishwa kwenye mashine yatoke kama utepe mpana, hukaushwa. Mlaji huuloweka, huuviringisha na wali ndani na kupaka pilipili. Mashudu ambayo kwingine ni chakula cha mifugo yakawa chanzo cha protini cha mamilioni ya watu. Wenye unga wa mahindi uliokwisha kupikwa kwa mashine huukanda kwa maji baridi tu ukawa keki, kwa kuwa kuni nazo ni gharama.

Serikali imekuwa ikilibana na kulilegezea soko hilo. Julai 2002 bei rasmi ya mchele ilipandishwa kutoka won (fedha ya nchi hiyo) 0.08 kwa kilo hadi won 44. Mwaka 2003 masoko yakaruhusiwa rasmi. Kisha tarehe 30 Novemba 2009 fedha ikabadilishwa, won 100 za zamani kwa 1 mpya, na mwanzoni kaya iliruhusiwa kubadilisha won 100,000 tu. Akiba ya wachuuzi ikapotea kwa usiku mmoja, wenye mchele wakaacha kuuza, bei ikaruka. Hapo hapakuwa na mkono wa Seoul wala wa Washington.

Tumen

Mkuu Karani, sehemu hiyo ya mwisho nakubali, lakini usiwaondolee lawama watu wa nje kirahisi hivyo. Vikwazo vinaua polepole.

Soma azimio la Baraza la Usalama namba 2397 la Desemba 2017. Bidhaa za mafuta zilizosafishwa ziliwekewa kikomo cha mapipa 500,000 kwa mwaka. Mashine, vifaa vya umeme na vyuma vikapigwa marufuku kuingia, na hiyo inagusa vipuri vya pampu, vyuma vya mabomba, hata misumari. Chakula na dawa havikukatazwa kwa maneno, ni kweli. Ila shirika linalotaka kukarabati mfereji wa kijiji lazima liandikie kamati ya vikwazo, liorodheshe kila kifaa, idadi yake, njia kitakayopita na nani atakisafirisha. Kibali kilidumu miezi 6, baadaye kikaongezwa hadi 9. Kibali kikitoka Juni, msimu wa mpunga umekwisha kupita. Benki nazo zinaogopa hata malipo halali, kwa hiyo fedha za mradi hazifiki.

Maazimio ya 2017 yalikataza pia kuuza nje makaa ya mawe, chuma, samaki na nguo. Mauzo kwenda China yaliporomoka karibu asilimia 90 mwaka 2018. Mchimbaji wa mgodi wa Musan na mshonaji wa kiwandani hawakupigwa kwa kukosa mchele sokoni. Walipigwa kwa kukosa cha kununulia.

Karani wa Ghala

Ndugu Tumen, vipuri na kipato nakubaliana nawe kabisa. Naomba tu tarehe zikae mahali pake. Vikwazo vya kwanza vya Umoja wa Mataifa ni vya Oktoba 2006, baada ya jaribio la kwanza la nyuklia. Njaa kubwa ilikuwa 1995 hadi 1998. Marekani ilikuwa na vikwazo vyake tangu vita ya 1950, lakini biashara ya Kaskazini ilikuwa na Moscow na Beijing. Na pigo kubwa la miaka ya karibuni walijipiga wenyewe: mwishoni mwa Januari 2020 walifunga mpaka kwa sababu ya korona kuliko azimio lolote lilivyowahi kuufunga. Treni za mizigo za Dandong, mji wa China mpakani, zilirudi Januari 2022. Katikati yake mbolea, nailoni na vipuri vilipungua sana, magendo ya mito ya Amnok na Tumen, kwenye mpaka wa China, yakakatwa, na ilipofika Machi 2021 wafanyakazi wote wa kimataifa wa mashirika ya msaada walikuwa wameondoka. Juni 2021 kiongozi wa Kaskazini, Kim Jong Un, mwenyewe alikiri hali ya chakula ni ngumu.

Zaituni

Asanteni sana, nimeelewa kwamba sufuria inaguswa na mbolea, mota na kadi ya mgawo. Bado nataka kujua habari za mchele wa Kusini wenyewe. Ulishawahi kuvuka? Na wale wanaotupa chupa za mchele baharini, zinafika?

Tumen

Ulivuka, na mwingi. Mwaka 1995 serikali ya Kim Young-sam, rais wa Kusini, ilipeleka tani 150,000. Meli ya kwanza, Sea Apex, ilipoingia Chongjin ililazimishwa kupandisha bendera ya Kaskazini, na hasira iliyowaka Seoul ilikaribia kuua mpango mzima. Jambo la kitambaa, na walio nchi kavu wanasubiri kula.

Kuanzia mwaka 2000, baada ya mkutano wa Kim Dae-jung wa Kusini na Kim Jong Il wa Kaskazini, mchele ulikwenda kama mkopo: miaka mingi tani 400,000 kwa mwaka, mwaka 2005 tani 500,000, riba asilimia 1, kulipa kwa miaka 20 baada ya miaka 10 ya kusubiri. Pamoja nao ilikwenda mbolea, kama tani 300,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya Bwana Shamba hapo juu, mbolea ndiyo iliyokuwa zawadi kubwa, ingawa magazeti yalipiga picha za magunia ya mchele.

Sasa ona ilivyokatika. Julai 2006 Kaskazini walirusha makombora, Kusini wakasimamisha. Mwaka 2008 Lee Myung-bak aliingia madarakani Kusini na sera mpya, na mbolea ya masika hiyo haikwenda. Machi 2010 Cheonan, manowari ya Kusini, ilizama na mabaharia 46, Kusini wakawalaumu Kaskazini, na Mei biashara karibu yote ikafungwa isipokuwa eneo la viwanda la Kaesong. Mwishoni mwa 2010 tani 5,000 za mchele wa mafuriko zilikwenda, kisha kisiwa cha Yeonpyeong kikapigwa mizinga tarehe 23 Novemba na msaada uliobaki ukasimama. Februari 2016 Kaesong yenyewe ilifungwa, na wafanyakazi zaidi ya 50,000 wa Kaskazini wakapoteza kazi. Mwaka 2019 Kusini walitaka kupeleka tani 50,000 kupitia WFP, yaani Mpango wa Chakula wa Umoja wa Mataifa, safari hii Kaskazini ndio waliokataa, kwa hasira ya mazoezi ya kijeshi ya Kusini na Marekani. Kwa hiyo mlango hufungwa kutoka pande zote mbili, na aliyeko nyuma ya mlango haulizwi.

Marekani pia wana yao: makubaliano ya Februari 2012 ya tani 240,000 za vyakula vya lishe yalikufa Aprili, Kaskazini walipojaribu kurusha setilaiti.

Tatizo jingine ni nani anakula. Mchele mweupe unapendwa na jeshi na maofisa, unahifadhika, unauzika. Kusini walikubali ukaguzi mwepesi sana. WFP walikuja na mbinu bora zaidi: walipeleka ngano na mahindi, wakatengeneza ndani ya nchi biskuti zenye vitamini na unga wa nafaka uliochanganywa na maziwa, kwa watoto wadogo na wajawazito. Biskuti ya mtoto haina soko kubwa kambini. Udumavu wa watoto ulipimwa asilimia 62 mwaka 1998, 28 mwaka 2012 na 19 mwaka 2017. Lakini mwaka huo wa 2017 Pyongyang ilikuwa asilimia 10 na Ryanggang 32; wastani wa nchi unaficha mlima mzima.

Hata msaada ulioibwa haukupotea wote, kwa sababu gunia lililouzwa kwa magendo liliishia sokoni na kushusha bei. Ubaya wake ni kwamba anayenufaika ni mwenye pesa ya kununua. Na serikali, ilipoona msaada unakuja, ilipunguza kununua nafaka nje kwa fedha zake. Hilo linaniumiza kuliko wizi.

Chupa za plastiki hutupwa karibu na kisiwa cha Ganghwa maji yakianza kutoka, zikiwa na mchele na mara nyingi dola 1 au kifaa cha kuhifadhia filamu. Nyingine hurudishwa na mkondo, zinazofika hukusanywa kwa amri ya serikali, na watu huonywa kuwa zina sumu. Desemba 2020 bunge la Kusini lilipitisha sheria ya kukataza kupeleka vipeperushi. Mahakama ya Katiba ikaifuta Septemba 2023. Mei 2024 Kaskazini walijibu maputo ya vipeperushi kwa maputo ya takataka. Chakula chenyewe hapo ni kidogo mno kuitwa msaada.

Njia inayofikisha chakula ni nyingine kabisa. Wakimbizi wa Kaskazini walioingia Kusini ni kama 34,000, wengi wao kutoka Hamgyong Kaskazini na Ryanggang. Wanatuma pesa kupitia madalali: fedha inaingia kwenye akaunti China, dalali wa upande wa pili anaitoa taslimu kwa ndugu katika miji ya mpakani kama Hyesan au Hoeryong, na simu ya Kichina inayoshika mtandao wa ng'ambo ya mto inathibitisha kuwa imefika. Kamisheni ya kawaida ilikuwa kama asilimia 30, na imepanda tangu mpaka ufungwe. Ni haramu na ni hatari kwa anayepokea. Lakini pesa hiyo inanunua mahindi wiki hiyohiyo, katika mikoa ileile ambayo mgawo uliitelekeza.

Bwana Shamba

Nimalizie swali lake la tatu: mchele ukivuka kesho, njaa itakwisha?

Taasisi ya kilimo ya Kusini ilikadiria mavuno ya Kaskazini kuwa tani milioni 4.51 mwaka 2022, milioni 4.82 mwaka 2023 na milioni 4.78 mwaka 2024. Mahitaji huhesabiwa kama milioni 5 na nusu. Pengo hilo linazibika kwa kununua nje. Ni fedha ambazo nchi inayojenga makombora inazo. Mwanzoni mwa 2019 mgawo ulishushwa hadi gramu 300 kwa siku. Gramu 300 za nafaka ni kilokalori 1,050 hivi, nusu ya 2,100 anazohitaji mtu. Nusu nyingine hutoka sokoni au haitoki. Kwa hiyo mchele wa Kusini ungeokoa miezi ya Mei hadi Agosti, kabla ya mahindi na mpunga mpya, lakini mwaka unaofuata tungekuwa palepale kama mota na mbolea hazijarekebishwa na soko limefungwa.

Na soko linafungwa kweli. Tangu 2021 serikali inasukuma maduka yake ya nafaka na kuwabana wachuuzi wa mchele. Mkulima analipwa bei ndogo, anaficha. Duka linakaa tupu. Mchuuzi anauza kwa kujificha na kuongeza bei ya hatari yake. Ni makosa yaleyale ya miaka ya 90 kwa jina jipya. Isitoshe, tangu Desemba 2023 Kim Jong Un ametangaza kuwa Kusini ni dola adui na ameachana na lengo la kuungana, kwa hiyo kupokea gunia lenye jina la Jamhuri ya Korea, jina rasmi la Kusini, sasa ni aibu ya kisiasa kuliko wakati wowote.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, Zaituni, acha hotuba. Angalia takwimu za forodha za China zinazotoka kila mwezi: urea na nailoni za Februari hadi Aprili zitakueleza mavuno ya Oktoba. Angalia bei ya mchele na ya mahindi zinazoripotiwa kutoka Pyongyang, Sinuiju na Hyesan. Mchele ukipanda na mahindi yakitulia, watu bado wana nafasi ya kushuka daraja, yaani kuacha mchele na kula mahindi. Mahindi yakipanda haraka kuliko mchele, maana yake wengi wameshashuka na wanagombea cha chini kabisa. Na ikiwa urea iliingia vizuri masika, mvua ikawa ya kawaida, lakini Novemba bei haikushuka baada ya mavuno, basi tafuta sababu ghalani na sokoni. Shamba limefanya kazi yake.